Haki ya Rafiki Aliyekufa, na Ubaya wa Kumtafuta kwa Uganga

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: miongoni mwa misiba ambayo watu hupita wasiione ni msiba wa kijana aliyefiwa na rafiki yake. Mama wa maiti hupewa mkono wa tanzia, baba hupewa, mjane hukaa eda yake miezi minne na siku kumi, na warithi hugawiwa mirathi. Lakini rafiki hana fungu lake popote. Hulia siku moja, akarudi kwao, na watu wakadhani amekwisha sahau. Na hapo mara nyingi ndipo mlango wa uganga hufunguka.

Basi swali la kitabu hiki ni hili. Kijana ampendaye rafiki yake aliyekufa, kisha akaenda kwa mpiga ramli ili apate khabari zake au asikie sauti yake, je, amemfanyia rafiki yake wema, au amemdhulumu? Na ikiwa amemdhulumu, ni nani aliyemwonyesha njia ya huko?

MFANO WA VIJANA WATATU

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba hali imepakia watu kupita kiasi chake, ilizama upande wa Nungwi. Mamia ya watu walikufa, na wengi katika wao hawakuonekana tena. Na kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Nyumba nyingi za visiwa hivi zikaingiwa na msiba usio na kaburi. Na msiba usio na kaburi ni mzito kuliko mwingine, kwani moyo hauna mahali pa kusimama.

Na wawekwe vijana watatu katika msiba kama huo. Si watu fulani wanaojulikana, bali ni mfano wa wengi. Umri wao ni miaka kumi na tano au kumi na sita. Wamesoma chuo kimoja na skuli moja. Walikuwa wanne na sasa ni watatu, kwani wa nne amepotelea baharini. Mmoja wao alikuwa amekopa kwake shilingi elfu tano, na siku ya kuagana bandarini waligombana kwa ajili ya deni hilo, hata neno la mwisho baina yao likawa ni neno baya. Siku tatu za matanga zilipokwisha wazee waliwaambia vijana hawa wawe wanaume, waache kulia, wende zao wakasome. Wakanyamaza. Wala hakuna aliyewauliza neno jingine.

Ulipopita mwezi, mmoja akaona tangazo la mganga limebandikwa katika nguzo ya umeme na nambari ya simu chini yake. Wakachanga fedha wakaenda, wamechukua kanzu ya mwenzao na picha yake iliyomo katika simu. Yule mganga akawakaribisha vizuri, akawauliza: Mwenzenu alikuwa mtu gani? Alipenda nini? Alikuwa akicheka vipi? Nani aliagana naye mwisho, na kwa neno gani? Wakamweleza kwa muda wa saa nzima, wakalia mbele yake, naye hakuwakataza kulia. Kisa akalitandaza bao lake, akapiga ramli, akasema: mwenzenu hakufa, yumo mikononi mwa majini chini ya bahari, leteni kuku mweusi na ubani na kiasi kadha cha fedha.

Mara ya pili akavuta chetezo, akatetemeka, akasema kwa sauti nyingine kumwambia yule mwenye deni: nimekusamehe. Na mara ya tatu, fedha zilipokuwa zimeanza kuwapungukia, akawatajia bibi kizee mmoja katika jamaa za yule kijana, akasema kuwa yeye ndiye aliyemtoa kafara.

Vijana wakarudi kwao na vitu vitatu: matumaini ya uwongo, msamaha wa uwongo, na adui wa uwongo.

HUKUMU YA SHERIA

Hukumu ya jambo hili haina kificho. Sihiri imehesabiwa na Mtume (S.A.W.) katika madhambi saba yenye kuangamiza, na imetajwa mara baada ya ushirikina. Na katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, mwenye kumwendea mpiga bao akamwuliza kitu, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Imam Shafi yeye alitaka mchawi aulizwe kwanza uchawi wake ni upi: ukiwa ndani yake mna maneno au itikadi ya kufuru, basi ni kufuru, na kama hamna, ni haramu na dhambi kubwa, lakini mwenye kuutenda hatolewi katika Uislamu. Mizani hii ni ya haki, nayo yawazuia watu wasiwe wepesi wa kuwakufurisha vijana waliokosea kwa ujinga na huzuni.

Lakini vijana hawa si watoto wadogo. Kwa madhehebu ya Shafi, aliyetimiza miaka kumi na tano kwa hesabu ya mwezi amekwisha baleghe, hata kama hakuona alama nyingine, na kalamu yamwandikia. Basi kosa ni lao. Ila kujua kuwa ni kosa hakutoshi, kwani kijana akiambiwa neno haramu bila ya kuonyeshwa ubaya wake, huliacha mbele za watu akalifuata usiku. Yafaa vitu vile vitatu vitazamwe kimoja kimoja.

MATUMAINI YA UWONGO

Mganga alisema hakufa. Neno hili laonekana kuwa ni la rehema, na kumbe ni katili. Qurani, katika sura ya Al-Muuminun, yaeleza kuwa nyuma ya waliokufa pana barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Hapana mlango wa kurudia, wala hapana mganga aliyepewa ufunguo. Na mwenye kuitakidi kuwa rafiki yake yu hai chini ya bahari hamwombei rehema, wala hamtolei sadaka, wala hamlipii deni, kwani hayo hufanyiwa aliyekufa. Basi tazama dhulma hii: maiti anahitaji dua, na wampendao wamekaa wanangojea arudi. Kila fedha iliyokwenda kwa mganga ingaliweza kuwa sadaka kwa jina lake, na sadaka na dua ni mambo mawili ambayo wanazuoni wamekubaliana kuwa humfikia maiti.

Hapa yatokea mtu akasema: mbona ramli ina asili, na katika hadithi mmetajwa Nabii aliyekuwa akipiga mistari? Ni kweli hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Muawiya bin al-Hakam, na ndani yake mna kuwa atakayeafikiana mstari wake na wa Nabii yule, basi ni sawa. Lakini Imam Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, amebainisha maana yake. Ruhusa imefungwa kwa sharti ya kuafikiana, na hapana mtu leo mwenye njia ya kujua kwa yakini kuwa mstari wake umeafikiana, basi haijuzu. Sharti isiyopatikana ni sawa na katazo.

Na mwengine husema: huyu si mganga, huyu ni mwalimu, aandika kombe na kusoma aya. Jawabu yake ni kuwa kusomea mgonjwa kwajuzu kwa sharti tatu alizozitaja Ibn Hajar al-Asqalani: yawe ni maneno ya Mwenyezi Mungu au majina yake na sifa zake, yawe kwa Kiarabu au kwa lugha ifahamikayo, na iitakidiwe kuwa hayaleti athari kwa nafsi yake ila kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hayo ni dua kwa aliye hai. Ama kuita maiti, na kutaja yaliyofichika, na kuchinja kwa ajili ya majini, hayaingii katika mlango huo, hata kama aliyeyafanya amevaa kilemba na mkononi ana tasbihi.

MSAMAHA WA UWONGO

Sauti ilisema nimekusamehe. Na kijana aliyekuwa halali usiku akalala. Basi wako wasemao: kuna dhara gani, ikiwa moyo umetulia?

Dhara ni kuwa hakusamehewa na mtu yeyote. Alisamehewa na mtu aliyelipwa fedha, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alimpa saa moja kabla. Rafiki wa kweli alikuwa na nafsi yake. Alikuwa akikataa, akikasirika, akicheka wakati usiotakiwa, na akipenda husamehe na akipenda hasamehe. Huyu wa chetezo hana nafsi. Husema lile tu lililotakiwa na mwenye kulipa. Mwenye kuridhika naye amemzika rafiki yake mara ya pili, akaweka mahali pake sanamu yenye kusema. Na alama ya mapenzi ni kumtakia heri umpendaye. Lakini hapa maiti amefanywa mtumwa wa huzuni ya aliye hai. Ahudhurishwa akitakiwa, na kunyamazishwa fedha zikiisha.

Na mtu asistaajabu kusikia kuwa mganga alipata kusema neno moja la kweli. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya makahini kuwa mara nyingine husema jambo likawa, akaeleza kuwa hilo ni neno moja la kweli alilolinyakua jini, kisha wakalichanganya na uwongo mia. Na mara nyingine hata jini hahitajiwi. Wenye huzuni wenyewe hutoa khabari zote, wakarudishiwa, wakadhani zimetoka mbinguni.

Wala jambo hili si la watu wa pwani peke yao, hata ikasemwa ni ujinga wa wasiosoma. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, Marekani, wasichana wawili ndugu, Margaret na Kate Fox, wenye umri kama wa vijana hawa au chini yake, walidai kuwa roho ya mtu aliyekufa yawajibu kwa kugonga. Watu wakawamiminikia, khasa waliofiwa, na madhehebu ya kusema na wafu yakaenea Marekani na Ulaya. Vita vya 1914 hata 1918 vilipoua vijana wasio na idadi, yakapata nguvu mpya. Hata Oliver Lodge, mtaalamu mkubwa wa fizikia wa Uingereza, baada ya mwanawe kuuawa vitani mwaka 1915, alitoa kitabu mwaka 1916 akidai kuwa amesema naye. Na kumbe mwaka 1888 Margaret Fox alikuwa amekwisha simama mbele ya watu mjini New York akaonyesha kuwa kule kugonga alikuwa akikufanya kwa viungo vya vidole vya miguu yake. Mwaka wa pili akayakana maneno yake, lakini watu walikuwa wamekwisha kuona.

Funzo la kisa hiki si kuwacheka Wazungu. Funzo ni kuwa huzuni huweza kumpofua mtaalamu kama impofuavyo mwanafunzi. Elimu ya dunia haikumkinga yule mzee. Basi mtoto wa miaka kumi na tano asidharauliwe kwa kuanguka pale alipoanguka yeye.

ADUI WA UWONGO

Kitu cha tatu ndicho chenye khatari kuliko vyote, kwani viwili vya kwanza humdhuru aliyekwenda, na hiki humwaga damu ya asiyekuwako. Moyo uliofiwa hutaka sababu. Kusema meli ilipakia kupita kiasi ni kusema jambo baridi, lenye kutaka mahakama na ushahidi. Kusema bibi fulani amemtoa kafara ni kusema jambo moto, lenye uso na nyumba. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, na katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na wengi wa waliouawa ni watu dhaifu wasio na wa kuwatetea. Aghlabu jambo huanza kwa neno la mwaguzi baada ya msiba.

Na katika jambo hili Mtume (S.A.W.) ameacha kiigizo kisicho na mfano. Mwaka wa 10 wa Hijra alikufa mwanawe mdogo Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti ya Ibrahim. Mtu mwingine angalilikubali neno lile, kwani latukuza msiba wake na latukuza nyumba yake. Yeye alilikataa hapo hapo, naye yu katika huzuni, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Basi aliyefiwa na mwanawe hakukubali huzuni yake ifanywe sababu ya uwongo juu ya mbingu. Itakuwaje huzuni ya mwengine ifanywe sababu ya uwongo juu ya bibi kizee?

NI NANI ALIYEWAPELEKA?

Imebakia sehemu ya pili ya swali, nayo ndiyo nzito kwa wazee na walimu. Vijana wale walikwenda kwa miguu yao, lakini walisukumwa. Mganga aliwashinda wazee kwa kitu kimoja: aliwauliza mwenzao alikuwa mtu gani, akawasikiliza. Lililofanywa na mganga kwa hila lilikuwa lifanywe na mzazi kwa mapenzi na mwalimu kwa dini.

Wako wadhanio kuwa kumkataza kijana kulia ndiyo subira. Hili si neno la sheria. Mtume (S.A.W.) machozi yalimtoka kwa ajili ya Ibrahim, na alipoulizwa akajibu kuwa hayo ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, na kurarua nguo, na kusema lisilomridhi Mola. Basi mwenye kumkataza mtoto machozi amemkataza rehema, na rehema iliyozuiwa mlangoni huingia kwa dirisha la mshirikina.

Na wako wadhanio kuwa urafiki si kitu mbele ya nasaba. Jawabu yao imo katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.) baada ya kufa Bibi Khadija, miaka ipatayo mitatu kabla ya Hijra. Makahini walikuwako kwa Waarabu zama hizo, naye hakutaka kwao sauti ya aliyekufa. Alilolifanya limesimuliwa na Bibi Aisha: alikuwa akichinja mbuzi, akawapelekea nyama marafiki wa Khadija. Hiyo ndiyo njia ya kumfikia umpendaye aliyekufa, kuwafanyia wema wale aliowapenda. Aliyekufa hawezi kurudi kwa walio hai, lakini wema waweza kumfuata.

KAZI WALIYOSTAHILI KUPEWA VIJANA

Huzuni ya kijana yataka kazi, na isipopewa kazi ya haki hujitafutia ya batili. Basi iwapo maiti yupo, marafiki zake waliobaleghe wasiachwe nyuma ya kundi. Wafundishwe na kushirikishwa katika kumwosha, walichukue jeneza, washike jembe, wasaidie kuweka kiunza katika mwanandani. Mkono uliotia udongo wajua kuwa amekufa, wala hauhitaji bao kuuambia.

Iwapo amepotelea baharini, waelezwe ukweli. Imam Nawawi ameandika katika Minhaj kuwa aliyekufa mahali asipoweza kutolewa wala kuoshwa haswaliwi. Na baadhi ya wanazuoni wa madhehebu waliokuja baada yake wameona aswaliwe, kwani liwezekanalo halianguki kwa sababu ya lisilowezekana. Waulizwe wanazuoni wa mji, na lolote litakalofuatwa, dua haina hitilafu. Na waambiwe pia kuwa aliyekufa maji akiwa Muislamu amehesabiwa katika hadithi miongoni mwa mashahidi. Kijana akilijua hilo hatamtafuta rafiki yake kwa majini.

Kisha madeni. Imepokewa kuwa nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Basi marafiki, ambao aghlabu wajua siri ambazo wazazi hawazijui, watoe khabari ya kila alichokuwa akidaiwa. Na yule aliyekopa shilingi elfu tano njia yake iko wazi, nayo haipiti kwa mganga. Deni la maiti ni mali ya warithi. Yampasa aende kwa mama wa rafiki yake, aziweke shilingi elfu tano mkononi mwake, na amwambie kuwa waligombana kwa ajili yake. Na lile neno baya alilolisema, amwombe Mwenyezi Mungu maghufira, na amwombee rafiki yake kila aswalipo. Hatasikia sauti ya kumjibu. Lakini atakuwa amelipa kweli deni la kweli, kwa mtu wa kweli, na mama yule huenda akamshika mkono. Na mkono huo mmoja una rehema kuliko sauti zote za chetezoni.

Ama yule bibi kizee aliyetajwa, haki yake haiondoki kwa vijana kutubu tu. Ikiwa jina lake limekwisha tembea mdomoni mwa watu, yawapasa walirudishe walipolipeleka, waseme wazi kwa kila waliyemwambia kuwa walidanganywa. Toba ya haki ya mja haitimii mpaka mja arudishiwe haki yake.

Na mwalimu wa chuo, siku ya tatu matanga yanapoinuliwa, asifungue msahafu kwa somo kama kwamba hapana kilichotokea. Na awakalishe wanafunzi wake, awaulize mwenzao alikuwa mtu gani, awaache waseme, kisha awaongoze katika dua. Saa moja hiyo yaweza kumwokoa bibi kizee asiyemjua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama na waliozikwa, awape subira waliobakia, na awakinge vijana wa Kiislamu na milango ya batili. Wa billahi ttaufiq.